Maswali ya Wasomaji: Peptidi Zinazotibu na Polima Zinazozibeba

Makala ya toleo lililopita kuhusu dawa za kisukari zinazotokana na homoni za utumbo imeleta barua nyingi kuliko ilivyo kawaida ya safu hii. Nimechagua kumi na kuzifupisha bila kubadili maana. Anayejibu ni mfamasia, wala si daktari wa msomaji yeyote, kwa hiyo yanayohusu dozi ya mtu binafsi nimemwachia anayemtibu.

Tunafundishwa kwamba insulini ni protini, lakini vitabu vingine vinaiita peptidi. Lipi ni sahihi? Na kwa nini haimezwi? (Mwanafunzi wa uuguzi)

Majibu yote mawili yanaweza kutetewa, kwa sababu mpaka kati ya peptidi na protini umewekwa na watu, si na maumbile. Zote mbili ni minyororo ya asidi amino zilizoungana kwa kiungo cha aina moja, na mwili hujenga minyororo hiyo kwa aina 20 tu za asidi amino. Mnyororo mfupi huitwa peptidi, na ule mrefu uliojikunja katika umbo lake maalumu huitwa protini. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliamua kuweka mpaka kwenye asidi amino 40, na ndiyo sababu mwezi wa Machi 2020 insulini, yenye asidi amino 51 katika minyororo miwili, mmoja wa 21 na mwingine wa 30, ilihamishiwa rasmi kwenye kundi la dawa za kibiolojia. Oksitosini, homoni ya uchungu wa uzazi yenye asidi amino 9, ni peptidi bila ubishi. Katika mtihani andika kwamba insulini ni homoni ya peptidi, kisha utaje idadi ya asidi amino zake. Msahihishaji mwenye busara hatakunyima alama.

Ama kuhusu kumeza, vizuizi ni vingi na vinafuatana. Tumbo na utumbo havitofautishi insulini na kipande cha nyama: pepsini, tripsini na vimeng'enya vingine hukata viungo vya mnyororo wowote vinavyoufikia. Kiasi kidogo kinachosalimika hukuta ukuta wa utumbo ambao seli zake zimebanana, na molekuli kubwa inayopenda maji kuliko mafuta haina njia rahisi ya kupita hapo. Hata dawa ikichomwa kwa sindano, bado damu ina vimeng'enya vyake, na figo huchuja minyororo mifupi na kuitoa. Homoni ya utumbo iitwayo GLP-1, inayohimiza kongosho kutoa insulini na iliyokuwa kiini cha makala yetu, hupoteza nusu ya kiasi chake ndani ya dakika mbili hivi tangu iingie kwenye damu. Insulini ilianza kuchomwa mgonjwa huko Toronto mwezi wa Januari 1922, na kwa miaka yote iliyofuata kugundua peptidi yenye kufanya kazi kumekuwa mara nyingi ni nusu iliyo nyepesi ya utafiti. Nusu nzito ni kuifikisha inapotakiwa na kuifanya idumu huko. Barua nyingi zinazofuata zinauliza kuhusu nusu hiyo ya pili.

Mama yangu ameandikiwa semaglutidi ya vidonge. Ameagizwa aimeze asubuhi kabla ya kula chochote, kwa maji kidogo, kisha akae nusu saa. Ikiwa peptidi huharibiwa tumboni, kidonge hiki kinafanyaje kazi, na masharti haya ni ya nini? (Binti anayemsaidia mamaye)

Dawa iliyo katika kidonge cha mama yako huiiga GLP-1, nayo ni matokeo ya marekebisho yaliyochukua miongo kadhaa, na kila rekebisho lilijibu kizuizi kimoja kati ya vile nilivyovitaja hapo juu. La kwanza lilitoka kwa mjusi mwenye sumu wa majangwa ya Marekani na Meksiko aitwaye Gila. Katika sumu yake mtafiti John Eng alipata peptidi inayofanana na GLP-1 kiasi cha kuamsha kipokezi kilekile, yaani mahali pa seli homoni inapojishika ili kufanya kazi, lakini ambayo kimeng'enya kinachoikata GLP-1 hakiiwezi kwa urahisi. Kutokana nayo ikapatikana eksenatidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005, nayo ilichomwa mara mbili kwa siku.

Rekebisho la pili halikuwa la kutafuta mnyama mwingine, bali la kuifunga peptidi kwenye kitu kinachodumu. Damu ina protini nyingi iitwayo albumini, ambayo kazi yake mojawapo ni kubeba asidi za mafuta. Wanakemia waliunganisha mkia wa asidi ya mafuta kwenye mnyororo, na peptidi ikawa inajishikiza kwenye albumini, ambapo figo haziwezi kuichuja na vimeng'enya huifikia kwa shida. Kwa liraglutidi, dawa iliyotangulia semaglutidi, hilo lilitosha kwa sindano moja kwa siku. Katika semaglutidi mkia uliboreshwa, na asidi amino iliyo mahali pa kimeng'enya kukata ikabadilishwa na nyingine isiyokatika. Sasa nusu ya dawa huchukua wiki moja hivi kutoweka, na sindano ikawa ya mara moja kwa wiki.

Kidonge kilichoidhinishwa mwaka 2019 kiliongeza kiambato kingine kiitwacho SNAC kwa kifupi. Kidonge kinapoyeyuka tumboni, SNAC hupunguza ukali wa asidi katika eneo dogo linalokizunguka, hivyo pepsini hulegea hapo, na wakati huohuo huisaidia peptidi kupenya seli za ukuta wa tumbo. Mambo haya hutokea mahali padogo na kwa muda mfupi tu. Maji mengi yatatawanya SNAC, na chakula kitaisukuma mbali na ukuta wa tumbo. Kwa sababu hiyo maelekezo ni maji yasiyozidi mililita 120, takriban nusu glasi, na kusubiri dakika 30 kabla ya chakula, kinywaji au dawa nyingine ya kumeza. Mama asiyachukulie masharti hayo kuwa ushauri wa ziada.

Hata yakifuatwa yote, kiasi kinachofika kwenye damu hakifiki au hakizidi sana asilimia moja ya kilichomezwa. Kidonge cha miligramu 14 kwa siku ni miligramu 98 kwa wiki, ilhali sindano ya dawa hiyohiyo kwa kisukari kwa kawaida ni nusu miligramu au miligramu moja kwa wiki nzima. Mimi huyatazama mafanikio haya kwa heshima, lakini pia kwa kujiuliza kama ni busara kutengeneza peptidi nyingi namna hiyo ili karibu yote iishie kumeng'enywa. Kwa mtu anayeogopa sindano, jibu lake huenda likawa tofauti na langu.

Peptidi ambazo kwa asili humezwa zipo, ila ni chache. Siklosporini, inayozuia mwili kukataa kiungo kilichopandikizwa, ni mnyororo wa asidi amino 11 uliofungwa ukawa duara. Duara halina ncha ya kuanzia kukatwa, na viungo kadhaa vya mnyororo wake vimefunikwa na vikundi vya methili, yaani vikundi vidogo vya kaboni na hidrojeni, kwa hiyo hupita kwenye mafuta ya kuta za seli kwa namna ambayo minyororo mingine haiwezi. Wanaounda peptidi za kumeza leo wanaichunguza molekuli hiyo ya kuvu kwa makini sana.

Natumia dawa ya kisukari yenye herufi XR. Mara mbili nimeona kidonge kizima chooni. Je, dawa imepita bure? (Msomaji aliyeomba jina lisitajwe)

Kwa kawaida dawa haijapita bure. Ulichokiona huwa ni ganda lililobaki baada ya dawa kutoka. Vidonge vingi vinavyotoa dawa polepole vimechanganywa na polima, yaani kitu chenye molekuli ndefu za vipande vinavyojirudia, ambayo ikilowa huvimba na kuwa utelezi mzito, na dawa hujipenyeza kidogokidogo kutoka ndani ya utelezi huo kwa saa nyingi. Polima yenyewe haimeng'enywi, kwa hiyo hutoka ikiwa laini na yenye umbo la kidonge. Karatasi ya maelezo iliyo ndani ya boksi mara nyingi hulitaja jambo hili, lakini maandishi yake ni madogo. Ikiwa unaharisha, au sukari yako imepanda kuliko kawaida, mweleze mfamasia, kwani kidonge kinachopita mbio kinaweza kutoka kabla hakijamaliza kazi.

Usikivunje wala kukitafuna. Kidonge cha aina hii hubeba dozi ya saa 12 au 24, na polima ndiyo inayokizuia kuitoa yote kwa mpigo. Vipo vingine vilivyopakwa polima isiyoyeyuka kwenye asidi ya tumbo ila hufunguka kwenye utumbo mwembamba, ambako asidi imepungua. Ukikiponda, unaiweka dawa palepale ambapo mtengenezaji alikusudia isiguse.

Asidi amino zenyewe si ghali. Mbona dawa za peptidi zina bei kubwa hivyo? (Msomaji anayemuuguza mumewe)

Bei ina mambo mengi, hataza na mikataba ya manunuzi yakiwamo, na hayo siyawezi katika safu hii. Sehemu inayotokana na kemia naweza kuieleza. Mnyororo hujengwa kwa kuongeza asidi amino moja baada ya nyingine kwa mpangilio usiokosewa. Vincent du Vigneaud alipounda oksitosini kwenye maabara mwaka 1953, kazi hiyo ya asidi amino 9 tu ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1955. Mwaka 1963 Bruce Merrifield, wa taasisi ya Rockefeller huko New York, alionyesha njia nyepesi zaidi: asidi amino ya kwanza hushikizwa kwenye punje ndogo ya polistirini, ambayo ni polima isiyoyeyuka, kisha nyingine huongezwa kwa zamu, na baada ya kila zamu masalia huoshwa huku mnyororo ukibaki umeng'ang'ania punje yake. Naye alipata Nobel, mwaka 1984. Kwa hiyo polima ilikuwa mhimili wa utengenezaji wa peptidi kabla watu hawajaizoea kuwa chombo cha kuzibebea.

Hata hivyo hesabu inabaki ngumu. Mnyororo wa asidi amino 36 una viungo 35. Kila kiungo kikifanikiwa kwa asilimia 99, minyororo iliyokamilika mwishoni ni kama asilimia 70; kikifanikiwa kwa asilimia 95, ambayo kwa kazi nyingine ni alama ya juu, iliyokamilika haifiki asilimia 17. Iliyobaki ina pengo mahali fulani na inafanana mno na iliyo sahihi, kwa hiyo kuitenganisha ndiko kunakokula pesa, muda na viyeyushi vingi. Enfuvirtidi, dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI kuingia kwenye seli, ina asidi amino 36 hasa; iliidhinishwa mwaka 2003, na utengenezaji wake ulikuwa na hatua 106. Ilipaswa kuchomwa mara mbili kila siku na iliacha vinundu kwenye ngozi ya karibu kila aliyeitumia, kwa hiyo vidonge vilivyokuja baadaye viliifunika haraka. Insulini ya binadamu ilikwepa njia hiyo: tangu mwaka 1982 imekuwa ikiuzwa iliyotengenezwa na vijidudu vilivyopewa jeni yake, badala ya kukamuliwa kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe.

Nimesoma kwamba kuna dawa ya kuzuia kutokwa na damu baada ya kujifungua isiyohitaji jokofu. Inatofautianaje na oksitosini, na je, tunaweza kuitumia popote tunapotumia oksitosini? (Mkunga)

Unaizungumzia kabetosini isiyoathiriwa na joto. Oksitosini inapaswa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na ikikaa kwenye joto hupoteza nguvu bila kubadilika rangi wala harufu, jambo ambalo ni la hatari kuliko dawa inayooza waziwazi, kwa sababu mkunga anachoma sindano akiamini amefanya yanayotakiwa. Kabetosini ni oksitosini iliyorekebishwa. Duara la oksitosini hufungwa kwa atomi mbili za salfa zilizoshikana. Katika kabetosini moja imebadilishwa na kaboni, na kikundi cha amino kilichoko mwanzoni mwa mnyororo, ambacho vimeng'enya hukitumia kama mahali pa kushika, kimeondolewa. Matokeo ni kwamba dawa hudumu kwenye damu muda mrefu zaidi, na sindano moja hukaza mfuko wa uzazi kwa muda unaotosha.

Kuvumilia joto hakukutokana na mabadiliko hayo peke yake. Kabetosini ya awali nayo ilitunzwa kwenye baridi, hadi viambato vilivyoyeyushwa pamoja nayo vilipobadilishwa, ndipo ikaweza kukaa miaka 3 kwenye nyuzi 30. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha karibu wanawake 30,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida katika nchi 10. Katika kuzuia upotevu wa damu wa mililita 500 au zaidi, au haja ya kuongeza dawa nyingine, kabetosini haikuwa nyuma ya oksitosini. Kwa upotevu wa mililita 1000 na zaidi, matukio yalikuwa machache mno kuweza kutoa jibu la uhakika.

Kwa sehemu ya pili ya swali lako jibu ni hapana, na naomba ulisisitize kwa wenzako. Kabetosini hutolewa kuzuia kutokwa na damu mtoto akishazaliwa. Haitumiki kuanzisha wala kuongeza uchungu, kwa sababu nguvu yake haiwezi kusitishwa kama ya dripu ya oksitosini. Dawa hii haizungumzwi sana, na kwa maoni yangu inastahili nafasi kubwa kuliko vitu vingi vinavyotangazwa kila wiki kuwa mapinduzi ya tiba.

Mgonjwa wa saratani ya tezi dume huchomwa sindano moja ya leuprolidi kwa miezi mitatu. Dawa hukaa wapi muda wote huo, na ganda lake huondolewaje? (Mwanafunzi wa famasia)

Hukaa chini ya ngozi au ndani ya msuli pale ilipochomwa, imefungiwa kwenye vipunje vidogo vya polima visivyoonekana kimoja kimoja kwa macho. Polima inayotumika sana ni ya asidi ya laktiki na asidi ya glikoliki zilizounganishwa, inayojulikana kwa herufi PLGA. Madaktari wa upasuaji walikuwa tayari wakiitumia jamaa yake kama uzi wa kushonea unaopotea wenyewe, kwa hiyo usalama wake haukuwa mgeni. Maji ya mwili huingia kwenye kipunje na kukata viungo vya polima kimoja baada ya kingine, na mwishowe hubaki asidi mbili ambazo mwili huzibadilisha kuwa kaboni dayoksaidi na maji. Hakuna ganda la kuondoa. Kasi hupangwa kwa uwiano: PLGA yenye nusu kwa nusu huvunjika upesi, na kadiri asidi ya laktiki inavyozidi, ndivyo maji yanavyoingia kwa shida na dawa kudumu. Leuprolidi ya mwezi mmoja, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1989, hutumia PLGA. Ya miezi mitatu hutumia polima ya asidi ya laktiki pekee.

Linganisha na kijiti cha uzazi wa mpango cha miaka 3 kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, chenye urefu wa sentimita 4. Polima yake, ethilini-vinili asetati, haivunjiki mwilini. Homoni hupenya na kutoka, lakini kijiti hubaki vilevile na lazima mhudumu akitoe. Ni polima ya aina hiyo ambayo Robert Langer na Judah Folkman waliitumia katika makala yao ya mwaka 1976 kwenye jarida la Nature, walipoonyesha kwamba hata molekuli kubwa kama protini zinaweza kutoka polepole kwenye polima ngumu. Wataalamu wengi wakati huo walidhani molekuli za ukubwa huo haziwezi kupita.

Jambo linalonivutia zaidi katika leuprolidi ni kwamba polima hapa haifanyi kazi ya kubeba tu. Homoni ambayo leuprolidi inaiiga hutolewa na ubongo kwa vipindi, kisha kunyamaza, kisha tena, na kila kipindi huihimiza tezi ya pituitari. Kipokezi kikipigwa mfululizo bila mapumziko, pituitari huchoka kuitika na mwishowe kiwango cha testosteroni, homoni inayochochea saratani hiyo, hushuka. Peptidi ya jamii ileile ikitolewa kwa vipindi huamsha, na ikitolewa mfululizo huzima. Tiba yenyewe imo ndani ya utaratibu wa utoaji. Ndiyo maana pia wiki za kwanza testosteroni hupanda kabla ya kushuka, na daktari huweza kuongeza dawa nyingine ya kumkinga mgonjwa katika kipindi hicho.

Usiamini lakini kwamba vipunje hivi ni vitiifu kama vitabu vinavyochora. Siku ya kwanza dawa iliyo karibu na uso wa kipunje humwagika kwa pamoja. Baadaye, asidi zinazozaliwa polima inapovunjika hujikusanya katikati ya kipunje na kuifanya sehemu hiyo kuwa chachu, na baadhi ya peptidi hubadilishwa kikemia humo kabla hazijatoka. Ukitafuta mada ya utafiti wa shahada ya juu, hapo pana kazi ya miaka.

Nilipata vipele na kubanwa kifua baada ya kunywa dawa ya kusafisha utumbo yenye PEG. Baadaye nikasoma kwamba PEG imo kwenye dawa nyingi za sindano. Nifanye nini? (Msomaji aliyeogopa)

Kwanza, mweleze daktari, na uombe iandikwe kwenye kumbukumbu zako za matibabu. Kubanwa kifua si jambo la kuandikia gazeti pekee. Mzio wa PEG ni nadra lakini upo, na huweza kuthibitishwa na mtaalamu wa mzio.

PEG, yaani poliethilini glikoli, ni polima inayovuta maji na kujizungushia. Ikiunganishwa na protini au peptidi huifanya iwe kubwa mno kuweza kupenya vichujio vya figo, na huikinga dhidi ya vimeng'enya na kingamwili. Dawa ya kwanza ya namna hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1990 kwa watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya unaoharibu kinga. Mwaka 2002 ikafuata pegfilgrastimu, dawa ya kuongeza chembe nyeupe za damu, ambayo kwa mgonjwa wa saratani sindano moja kwa kila mzunguko wa tiba ilichukua nafasi ya sindano za kila siku. Chanjo za mRNA za UVIKO-19 nazo zina kiasi kidogo cha PEG kilichoshikizwa kwenye mafuta yanayofunika mRNA.

Kwa muda mrefu PEG ilisemwa kuwa haisumbui kinga ya mwili. Kauli hiyo imelegezwa, kwa kuwa watu wengine wana kingamwili dhidi yake, na kingamwili hizo huweza kuiondoa dawa upesi au kuleta mzio. Peginesatidi, peptidi yenye PEG iliyokusudiwa kutibu upungufu wa damu kwa wagonjwa wanaosafishwa figo, iliidhinishwa Marekani mwaka 2012, na Februari 2013 ikaondolewa sokoni baada ya wagonjwa kadhaa kupata mzio mkali na baadhi yao kufariki. Sababu yake kamili isihusishwe na PEG kwa haraka, kwani dawa ina viambato vingi. Watafiti sasa wanajaribu mbadala, ikiwamo polima ya asidi amino iitwayo sakosini na minyororo mirefu ya asidi amino zilizochaguliwa makusudi ili zivute maji kama PEG lakini ziweze kuvunjwa na mwili.

Rafiki yangu wa mazoezi ananunua mtandaoni vichupa vya peptidi iitwayo BPC-157 ili kuponya jeraha la kano. Ninaweza kuitumia? (Msomaji kijana)

Usiitumie. Haijaidhinishwa na mamlaka kubwa za dawa kwa ugonjwa wowote, na ushahidi mwingi unaonukuliwa ni wa panya. Kichupa kilichoandikwa "kwa utafiti tu" hakikupimwa kwa mtu wa kujichoma. Rudia hesabu ya asilimia 17 katika jibu la juu, ujiulize nani aliyetenganisha minyororo yenye mapengo, na kama unga huo hauna mabaki ya bakteria. Ikiwa unashiriki mashindano, ujue pia kwamba tangu mwaka 2022 imetajwa kwenye orodha ya Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli michezoni.

Kila mwaka tunasikia kuhusu chembe ndogo sana za polima zitakazopeleka dawa kwenye saratani moja kwa moja. Mbona hospitalini bado hatuzioni? (Mwalimu wa biolojia)

Matumaini hayo yalitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda iliyochapishwa mwaka 1986, iliyoonyesha kwamba mishipa ya damu ya uvimbe huvuja na molekuli kubwa hukusanyika humo. Katika panya wenye uvimbe unaokua upesi jambo hilo huonekana vizuri. Kwa binadamu uvimbe hutofautiana sana, na mwaka 2016 uchambuzi wa tafiti za miaka kumi iliyotangulia, nyingi zikiwa za panya haohao, ulionyesha kwamba kiwango cha kati cha chembe zinazofika kwenye uvimbe ni asilimia 0.7 ya zilizochomwa. Zilizobaki nyingi huishia kwenye ini na wengu. Zipo zinazotumika na kuwasaidia wagonjwa, hasa kwa kupunguza madhara ya dawa, lakini neno "moja kwa moja" lilitangulia mno mbele ya ushahidi.

Peptidi ndogo imefanya vizuri zaidi katika saratani fulani za seli zinazotoa homoni. Seli hizo zina vipokezi vingi vya homoni iitwayo somatostatini. Wanakemia walifupisha homoni hiyo hadi asidi amino 8, wakaishikizia kizimba cha kikemia kinachobeba lutesiamu-177 yenye mionzi, na tiba hiyo ikaidhinishwa Ulaya mwaka 2017 na Marekani mwaka 2018. Hapa kuondoka upesi, ambako katika barua nyingine zote kulikuwa tatizo, kunageuka kuwa faida: peptidi isiyoshika uvimbe hutoka kwa mkojo, na damu haibaki na mionzi kwa siku nyingi. Figo ndizo zilizo hatarini, kwa sababu huinyonya tena peptidi inapopita, kwa hiyo mgonjwa huwekewa dripu ya asidi amino mbili, lisini na ajinini, zinazoshindania njia hiyohiyo ya kunyonywa na kuiacha peptidi iende zake.

Insulini yangu iliganda kwenye jokofu, nikaiacha ikayeyuka na inaonekana safi. Niitumie? (Msomaji mwenye kisukari)

Itupe. Barafu inapojiunda husukuma molekuli za insulini zikabanana, na baadhi hushikamana katika vifungu ambavyo havirudi tena kuwa dawa, hata kama macho hayavioni. Kuanzia sasa usiweke vichupa karibu na sehemu ya kugandishia wala kuvigusisha na ukuta wa nyuma wa jokofu. Kile unachokitumia kwa sasa, aina nyingi huruhusu kikae nje kwenye joto lisilozidi nyuzi 25 au 30 kwa takriban wiki nne. Idadi kamili ya siku soma kwenye karatasi ya aina yako, na uandike kwenye lebo tarehe uliyokifungua.